Re: Mzee wangu Kakamega hataki simu ya intaneti, ni ukaidi?

Ndugu, sidhani ni ukaidi. M-Pesa ilipoingia 2007 wazee waliijua haraka kwa kabambe zao, zile simu ndogo za vitufe, kwa hivyo teknolojia yenyewe haiwatishi. Mama yangu hapa Ahero naye alikataa katakata. Kumbe herufi hazioni, na kidole kilichokauka kwa jembe la mpunga, kioo hakikisikii! Akibonyeza mara tatu bila jibu anaona aibu mbele ya wajukuu, anairudisha kabatini. Tena aliogopa matapeli. Hapo ana haki.

Nilikuza maandishi, nikaweka Kiswahili, nikamwonyesha ujumbe wa sauti tu. Bando namnunulia mimi. Sasa analimaliza kila siku akisalimia Nakuru nzima. Lakini kabambe usimnyang'anye mzee, mwachie zote mbili.