Mwenzako Asianze Kukupigia Hodi: Mazoezi ya Majira ya Joto na Maelewano ya Safu Katika Hoki ya Barafuni

Wiki iliyopita kijana mmoja wa miaka 22 anayeishi Minneapolis aliniandikia ujumbe mrefu, kwa Kiswahili safi alichofunzwa na mama yake, akiniomba ushauri wa namna ya kuitumia miezi iliyobaki kabla ya msimu mpya wa hoki ya barafuni. Alisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa mwezi Machi, akacheza mechi 11 za mwisho akiwa winga wa kulia, na kocha amemwahidi kwamba msimu ukianza Oktoba atarudi katika safu ileile. Maswali yake yalikuwa matatu: aongeze kilo ngapi za misuli, akimbie kilomita ngapi kwa wiki, na ale nini. Kisha akamalizia kwa sentensi ambayo nimeirudia kichwani kila siku tangu niisome: "Kaka, nataka nikifika kambini wasinitambue."

Mdogo wangu, mimi niliwahi kufika kambini wasinitambue. Naomba unisikilize kwa makini, na nyinyi wengine mnaoota kuishi kwa mchezo huu mnisikilize pia, kwa sababu jambo hili liliniuma na bado linaniuma.

Nilicheza misimu minne katika ECHL, ligi ya ngazi ya tatu Amerika Kaskazini, chini ya AHL na NHL. Ni ligi ya mechi 72 kwa msimu, safari za basi usiku kucha, na vyumba vya kupanga ambavyo timu huwagawia wachezaji wawili wawili. Kikosi hubadilika karibu kila wiki, kwa kuwa mwenzako anaweza kuitwa ngazi ya juu Jumanne ukabaki na pengo Ijumaa. Kwa hiyo safu ya washambuliaji watatu ikidumu msimu mzima pale, watu huiheshimu. Yetu ilidumu. Senta wetu, yaani mshambuliaji wa kati, alikuwa mtu wa Saskatchewan, Kanada, mpole, mwenye mikono ambayo sijaiona tena. Winga wa kushoto alikuwa Mfini aliyezungumza maneno machache kwa siku. Na mimi, mtoto wa Mombasa niliyehamia Edmonton na wazazi wangu nikiwa na miaka saba, nilikuwa winga wa kulia. Msimu ule nilifunga mabao 24. Nayataja kwa fahari, kwa sababu niliyatolea jasho.

Sasa nieleze jambo ambalo mtu wa jukwaani halioni. Katika hoki, mchezaji anayetaka pasi huligonga gongo lake barafuni, mara mbili, haraka, ili mwenye kisahani, kile kidude cha mviringo kinachochezewa badala ya mpira, asikie mwenzake yuko wapi bila kuinua macho. Ni hodi. Sisi watatu, kufikia mwezi Januari, tulikuwa tumeacha kupigiana hodi. Senta aliachia pasi akiwa amenipa mgongo, nami nilikuwepo. Mfini aliingia kona na kukirudisha kisahani mahali patupu, na kabla hakijasimama patupu pale palikuwa na mtu. Tulikaa benchini bila kuzungumza, tukipokezana chupa ya maji, na kocha alikuwa akitutuma kila mara tulipohitaji bao.

Msimu ulipokwisha mwezi Aprili kila mmoja alirudi kwao, kama ilivyo desturi ya mchezo huu, kwa sababu miezi hiyo ni ya mchezaji mwenyewe. Senta aliniomba niende Saskatchewan mwezi Agosti. Kulikuwa na uwanja wa barafu mjini kwao, Mfini naye angekuja mapema, na tungeteleza pamoja wiki tatu kabla ya kambi. Nilimwambia nitaona. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaamua kubaki Edmonton kunyanyua vyuma, kwa kuwa skauti mmoja alikuwa amenidokezea kwamba mwili wangu ulikuwa mwepesi kwa ligi ya juu. Nilimwamini yeye kuliko watu wawili waliokuwa wakinipa pasi.

Sitawachosha kwa habari za mazoezi yenyewe. Nilianza na kilo 84 nikamaliza na 91. Nilibadilisha pia gongo, nikachukua fupi zaidi na gumu zaidi, kwa sababu sasa nilikuwa na nguvu za kulipinda. Kambini nilipopimwa nilikuwa wa pili kwa nguvu katika timu nzima, na usiku ule nilimpigia mama simu nikamwambia kwamba mwaka huu ndio mwaka wangu.

Asubuhi iliyofuata tuliingia barafuni. Zoezi lilikuwa lile tulilolifanya mara mia: beki anampa senta kisahani nyuma ya lango letu, senta anapanda katikati, mimi nakata kutoka mbao za pembeni kuelekea mstari wa buluu. Senta aliachia pasi bila kutazama, kama zamani. Kisahani kilipita mbele ya ncha ya gongo langu, shubiri mbili hivi, kikaenda kugonga mbao za upande wa pili kwa ule mlio mkavu unaosikika uwanja mzima. Aliinua mkono kuomba radhi. Mara ya pili ikawa vilevile, na aliomba radhi tena. Mara ya tatu hakuomba radhi, alinitazama miguu. Zamu iliyofuata kisahani kilikuwa kwangu, na nyuma yangu nikasikia gongo likigonga barafu, mara mbili, haraka. Senta wangu alikuwa ananipigia hodi, kama mtu aliyefika nyumba ya wageni.

Hesabu yake ni nyepesi, na natamani mtu angenionyesha mapema. Mchezaji anayeteleza kwa kilomita 36 kwa saa hupita mita 10 kila sekunde. Akichelewa sehemu ya kumi ya sekunde, yuko nyuma kwa mita nzima, na kisahani hakimsubiri. Zile kilo saba zilinichelewesha katika hatua tatu za kwanza, na gongo fupi liliniondolea urefu wa kufidia. Mwili wangu ulikuwa bora kwenye karatasi ya vipimo, lakini wenzangu walikuwa wameukariri mwili mwingine. Maelewano ya safu ni mazoea ya wakati: mwenzako amejifunza utafika lini, na ukibadilisha "lini" hiyo akiwa mbali, umemfuta kichwani kila alichojifunza.

Kocha alitupa wiki mbili, kisha akaniteremsha safu ya nne. Nafasi yangu alipewa kijana aliyekuja kambini bila mkataba wa uhakika. Alikuwa mwepesi kuliko hata mimi wa zamani, lakini Agosti yote alikuwa Saskatchewan na wale wawili. Mwishoni mwa Novemba niliachwa. Hakuna aliyenieleza zaidi ya kwamba nimekuwa mchezaji mwingine. Nilipata timu nyingine baada ya mwezi, nikamaliza msimu ule na mmoja zaidi, lakini safu kama ile sikuipata tena. Kuna watu waliosema nilikosa bahati. Hapana. Nilialikwa, nikakataa.

Tangu hapo nimekuwa nikitazama safu kubwa kwa jicho hilo. Alex Burrows hakuchaguliwa na timu yoyote katika mchujo wa vijana wa NHL. Alianzia hukuhuku ECHL. Vancouver walipomweka na mapacha wa Kiswidi, Daniel na Henrik Sedin, mwaka 2009, alikuwa anaingia nyumba ya watu waliokua pamoja tangu tumboni, wakipeana kisahani mahali ambapo mtu mwingine asingetazamia. Aliijifunza lugha ya nyumba ile. Msimu wa 2009–10 alifunga mabao 35, na Henrik aliongoza ligi nzima kwa pointi 112. Anayedhani Burrows aliinuliwa na vyuma peke yake anajidanganya.

Mfano mwingine uko Nova Scotia. Sidney Crosby wa Cole Harbour na Brad Marchand wa Halifax jirani walicheza timu hasimu kwa miaka mingi, mmoja Pittsburgh na mwingine Boston, lakini majira ya joto walikuwa wakiteleza pamoja kwao. Kombe la Dunia la Hoki lilipochezwa Toronto Septemba 2016, Kanada iliwaweka safu moja, pamoja na Patrice Bergeron ambaye alikuwa senta wa Marchand kule Boston. Hawakuhitaji kufahamiana. Katika mechi ya mwisho Marchand alifunga bao la ubingwa ikiwa imebaki chini ya dakika moja, Kanada ikiwa pungufu kwa mchezaji mmoja. Na ni Crosby huyohuyo, pamoja na Nathan MacKinnon wa Cole Harbour vilevile, waliovaa jezi ya Ice Lions, timu ya hoki ya barafuni ya Kenya, mwaka 2018, vijana wa Nairobi walipoalikwa Kanada.

Wapo watakaonitajia safu ya Wasovieti, yaani Krutov, Larionov na Makarov wa CSKA Moscow, waliotwaa dhahabu za Olimpiki mwaka 1984 na 1988. Ni kweli, pengine hakujawahi kuwa na watatu walioelewana zaidi. Lakini kocha Viktor Tikhonov aliwafungia kambini sehemu kubwa ya mwaka, mbali na wake zao na watoto wao, hadi Larionov akaandika barua ya wazi katika jarida la Ogonyok mwaka 1988 kuyalalamikia maisha hayo. Mimi siwatakii kambi ya namna ile, wala sidhani kwamba maelewano lazima yalipiwe kwa uhuru wa mtu. Wiki tatu za hiari zinatosha kuanzia, na ndizo nilizozikataa.

Kuhusu mwili, nijibu ulichoniuliza. Zamu moja uwanjani huchukua takriban sekunde 45, kisha unakaa benchini dakika moja au mbili, unarudi tena. Kilomita nyingi za barabarani hazikuandai kwa kazi hiyo. Tafuta kilima, panda kwa nguvu zako zote sekunde 40, teremka taratibu, pumzika dakika mbili, rudia. Pili, nyama za ndani ya paja. Hatua ya kuteleza husukuma kwenda pembeni, na paja la ndani ndilo linaloshika breki. Utafiti uliofanywa kwa wachezaji wa NHL na kuchapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba mchezaji ambaye nguvu za paja lake la ndani hazifiki asilimia 80 ya nguvu za upande wa nje alikuwa na uwezekano mara 17 zaidi wa kuumia kinena. Fanya mazoezi hayo kila wiki, hata siku unayojisikia mvivu. Tatu, ukiongeza uzito, ongeza kilo moja au mbili ukiwa bado unateleza, ili miguu izoee mzigo polepole. Chakula? Kula vizuri, lala mapema, usinywe pombe. Mama yako anakufahamu kuliko mimi.

Kuhusu safu, ushauri wangu ni mmoja hata nikiugeuza vipi: teleza na wenzako kabla ya kambi. Kama mko mbalimbali, kutaneni wiki mbili. Kama wiki mbili hazipatikani, kutaneni siku nne. Msibadilishe magongo bila kuambiana. Ulizaneni maswali madogo ambayo wanaume huona haya kuyauliza: unapenda pasi mbele ya mwili au pembeni, ukibanwa mbaoni unakirudisha wapi, ukichoka mwishoni mwa zamu hatua yako ya kwanza huenda upande gani. Msichanganye jambo hili na urafiki. Mimi na Mfini hatukuwahi kula chakula cha jioni pamoja, na bado ningeweza kukuchorea, gizani, mahali gongo lake lingekuwa. Na pia mnaofanya mazoezi Nairobi kwa viatu vya magurudumu kwenye maegesho ya magari, msingoje barafu ndipo muanze. Watatu mnaopangwa pamoja chezeni pamoja hapohapo kwenye lami, kwani wakati mnaojifunza ni uleule.

Nasema haya kwa ukali kidogo kwa sababu naona vijana wengi wanaotuma picha za misuli yao mitandaoni kuanzia Mei hadi Agosti, na sijaona hata mmoja akituma picha ya wenzake wawili. Acheni. Jimu inakupa kitu unachoweza kujipima mwenyewe kila jioni, ndiyo maana tunaipenda, nami niliipenda hivyohivyo. Kazi ya safu haina namba ya kukuridhisha jioni. Unaiona Oktoba, kisahani kikiwa kimeshaondoka kwenye gongo la mwenzako.

Nilimjibu yule kijana kwa swali moja tu: senta wako anaishi wapi? Akasema Duluth, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari kutoka kwake, na kwamba hawajawasiliana tangu mechi ya mwisho. Nikamwambia asingoje makala haya. Ampigie leo, amuulize uwanja wa barafu kule unapatikana siku zipi mwezi Agosti, na kabla ya kukata simu amuulize anapenda pasi upande gani wa gongo.