Kindi wa Ardhini: Kwanza Ujue Anakula Nini

Mwaka wangu wa kwanza kwenye ranchi nilimwaga nafaka yenye sumu karibu na kila shimo la kindi wa ardhini, wakati malisho yamejaa majani mabichi. Wiki ikapita, nafaka iko palepale. Mzee aliyekuwa akinifundisha kazi akacheka: "Kijana, nani ataacha mboga changa ale punje kavu?"

Wewe unayeanza, kabla hujanunua chochote, kaa pembeni jua likishapanda uwatazame. Hawa ni wanyama wa mchana; mazao yakiliwa usiku, mtafute mwingine. Shimo lao huwa wazi, na mara nyingi lina kijia kilichokanyagwa. Ukikuta rundo la udongo mbichi lisilo na tundu, huyo ni fuko, na dawa yake ni nyingine.

Kisha fuata majira yao. Kindi wa ardhini wa Afrika hawalali msimu mzima, lakini wengi wa nchi zenye baridi kali hulala, tena wakiwa wameziba njia kwa udongo, kwa hiyo kuwatilia gesi ya sumu mashimoni wakati huo ni hasara tupu. Wakati wa gesi ni wakishaamka, kabla hawajazaa, udongo ukiwa na unyevu. Ukikauka hupasuka na gesi hutoroka. Chambo cha nafaka kinangoja nyasi zikauke, wanapogeukia mbegu.

Vidonge vya fosfidi ya alumini usiviguse kama hujafunzwa na huna kibali. Vikipata unyevu hutoa gesi inayoua hata mtu, hivyo si vya kutumia karibu na nyumba wala zizi. Sumu zinazozuia damu kuganda nazo humfikia bundi, mwewe au mbwa anayekula mzoga, kwa hiyo okota mizoga kila siku. Mashimo yenyewe huwa na wapangaji wengine, baadhi wakilindwa na sheria. Chungulia kwanza.

Eneo likiwa dogo, mimi huchagua mtego. Uweke na chambo siku mbili tatu bila kuutega, wauzoee, ndipo uutege, na uukague kila siku. Vaa glavu, maana viroboto wao wanaweza kubeba tauni. Ukikuta kindi wengi wamekufa na hakuna aliyeweka sumu, usiwaguse. Kaa mbali, zuia mbwa, toa taarifa kwa watu wa afya.

Kosa lililonigharimu zaidi lilikuwa kufukia midomo ya mashimo kwa jembe na kujipongeza. Njia za chini zilibaki nzima, na kindi kutoka ng'ambo ya uzio wakahamia kama waliokabidhiwa funguo. Sasa, wenyeji wakishaisha, tunapasua udongo kwa trekta hadi nusu mita kwenda chini, isipokuwa kwenye tuta la bwawa. Huko haliingii trekta: mashimo yanajazwa na kushindiliwa kwa mkono, na ndiko ninakoanzia kila mwaka, kwa sababu maji yakishapata njia ndani ya tuta hayasubiri umalize shamba la mahindi.