4,294,967,297 si namba tasa

Ndugu, umegawanya 4,294,967,297 kwa namba tasa zote hadi 100, zote zikaacha baki, ukahitimisha kuwa nayo ni tasa. Kazi nzuri, ila umeishia njiani. Kipeuo chake cha pili ni kama 65,536, na huko ndiko unakopaswa kufika.

Usikate tamaa, ipo njia ya mkato. Namba yako ni 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1. Mwanahisabati Fermat mwenyewe aliamini ni tasa! Mwanahisabati mwingine, Euler, mwaka 1732, alionyesha sivyo. Kila kigawo tasa cha namba hii, ukikigawa kwa 64, huacha baki 1. Basi jaribu 193, 257, 449, 577 (nyingine zinazoacha baki 1, kama 65 na 129, si tasa, ziruke), kisha 641. Hapo inagawanyika: 641 × 6,700,417.

Zidisha kwa mkono uhakikishe, maana kikokotoo cha tarakimu nane hukata tarakimu za mwisho na kukudanganya. Mimi kilinipotezea jioni nzima. Namba ikifika tarakimu mia, tumia programu ya kompyuta.