Kwa Wanaoanza Kuichunguza Familia ya Rockefeller: Taja Kwanza Aliyetenda

Vijana wanaokuja kwetu wakitaka kuandika tasnifu au makala ndefu kuhusu matajiri wa Marekani, wengi wao huchagua familia ya Rockefeller, na uchaguzi huo nauelewa, kwa kuwa biashara, utoaji wa hisani na siasa vimesokotana katika familia hiyo kwa zaidi ya karne moja na nyaraka zake nyingi zimehifadhiwa vizuri. Ninachopenda kuwausia mapema, kutokana na miaka ya kusoma na kusahihisha kazi za aina hii, ni kwamba sentensi inayoanza kwa "akina Rockefeller walifanya" haijakamilika mpaka mwandishi aseme ni nani hasa aliyetenda: mtu binafsi, kampuni, wakfu, benki, au mfuko wa amana wa kifamilia. Ukikosea hapo, kazi yote itageuka ama sifa tupu ama uvumi, na msomaji makini ataiweka chini kabla hajafika ukurasa wa kumi.

Tuanze na biashara. John D. Rockefeller alizaliwa mwaka 1839 huko Richford, jimbo la New York, na mwaka 1855 akaajiriwa mjini Cleveland kama msaidizi wa mtunza hesabu. Waandishi wapya hupenda kukaa sana kwenye ujana huo, kwenye daftari lake la matumizi na kwenye baba yake aliyekuwa akizungukazunguka akiuza dawa za kubabaisha. Someni, lakini msidhani kwamba tabia ya mtu inaeleza jinsi Standard Oil, kampuni yake iliyoanzishwa mwaka 1870 kwa mtaji wa dola milioni 1, ilivyofikia, katika muda wa miaka kumi hivi, kushika takriban asilimia 90 ya usafishaji wa mafuta nchini humo. Kinachoeleza zaidi ni reli. Mwanzoni mwa mwaka 1872 ulibuniwa mpango wa South Improvement Company, ambao chini yake makampuni ya reli yangewapunguzia wanachama nauli ya mizigo, na zaidi ya hapo yangewalipa sehemu ya nauli waliyotozwa washindani wao. Mpango ulivunjika ndani ya miezi michache kwa sababu ya ghadhabu ya wachimbaji wa mafuta wa Pennsylvania, lakini kabla vumbi halijatulia Standard Oil ilikuwa imekwisha kununua viwanda 22 kati ya 26 vya kusafishia mafuta vilivyokuwa Cleveland. Kisheria mpango ule haukufanya kazi hata siku moja, ilhali tishio lake lilitosha, na tofauti hiyo ndiyo ninayotaka mjizoeze kuiona.

Sehemu ya pili ya maelezo ni sheria ya makampuni, ambayo wengi huiruka kwa sababu inachosha. Sheria ya Ohio haikuruhusu kampuni kumiliki hisa za makampuni ya majimbo mengine. Kwa hiyo mwaka 1882 wenye hisa walikabidhi hisa zao kwa wadhamini tisa, nao wakawa wanaendesha makampuni kadhaa kama mali moja. Mahakama Kuu ya Ohio ilipoamuru mwaka 1892 kwamba kampuni ya jimbo hilo ijitoe katika udhamini huo, wakuu wa Standard Oil walitafuta makazi mapya, wakayapata New Jersey, ambako sheria ilikuwa imekwisha kuruhusu kampuni moja kumiliki nyingine. Kufikia mwaka 1899 Standard Oil ya New Jersey ndiyo iliyokuwa mama wa zote. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoivunja tarehe 15 Mei 1911 na kuigawa katika makampuni 34, mzee Rockefeller, aliyekuwa amekwisha kustaafu shughuli za kila siku, alibaki na fungu lake katika kila kipande, na bei ya hisa hizo ikapanda. Anayeandika kwamba hukumu ile iliifilisi familia amechanganya kampuni na mwenye hisa. Wasomaji wetu wa Kenya na Tanzania wenye umri mkubwa wanavikumbuka vituo vya mafuta vya Esso, Mobil na Caltex; majina hayo yote, moja kwa moja au kwa ubia, yana damu ya vipande vilivyotoka katika hukumu ile.

Kuhusu Ida Tarbell, mwandishi wa habari ambaye mfululizo wake juu ya Standard Oil katika jarida la McClure's kuanzia mwaka 1902 uliwafungua macho Wamarekani, mtakutana na watu wanaompuuza kwa sababu baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mafuta aliyeumizwa na ukiritimba ule. Maslahi ya shahidi yatajeni, kisha kapimeni ushahidi wenyewe. Wake ulitoka kwa sehemu kubwa katika kumbukumbu za mahakama na za kamati za uchunguzi, na maslahi ya baba mtu hayabadilishi kilichoandikwa humo.

Nikigeukia hisani, dai ninaloliona mara nyingi ni kwamba mzee alianza kutoa fedha ili kusafisha jina lake. Tarehe zinalikataa dai hilo likiwekwa hivyo. Alikuwa akitoa kanisani tangu alipokuwa karani wa mshahara mdogo. Chuo Kikuu cha Chicago, alichokifadhili kwa kiasi kikubwa, kilianzishwa mwaka 1890. Na chuo cha wanawake weusi cha Spelman huko Atlanta kilipewa jina la familia ya mkewe, Laura Spelman, miaka mingi kabla ya Tarbell kushika kalamu. Lakini tarehe hizohizo zinamnyima raha anayetaka kumtakasa. Ombi la kuusajili Wakfu wa Rockefeller kwa sheria ya taifa lilipelekwa Kongresi mwaka 1910, kesi ya ukiritimba ikiwa bado iko mahakamani, na wanasiasa wengi wakaona kwamba wanaombwa kuupa utajiri ule kinga ya kudumu. Kongresi haikukubali. Wakfu ulisajiliwa mwaka 1913 katika jimbo la New York, na dola milioni 100 zikawekwa ndani yake. Kwa hiyo msiulize tu kama mtu alikuwa mkarimu; ulizeni pia nani alikuwa na mamlaka ya kuukagua ukarimu huo, na kwa nini mlango mmoja ulipofungwa ulitafutwa mwingine.

Tukio ambalo ningependa kila anayeanza alisome mpaka alielewe ni la Ludlow, Colorado. Familia ilikuwa na hisa za kutosha kuitawala kampuni ya Colorado Fuel and Iron, na John D. Rockefeller Mdogo, mwana wa mzee, alikuwa katika bodi yake. Wachimba makaa ya mawe waligoma, wakafukuzwa katika nyumba za kampuni, wakaishi katika mahema. Mapema Aprili 1914 Rockefeller Mdogo aliiambia kamati ya Kongresi kwamba anauunga mkono msimamo wa menejimenti wa kutoutambua muungano wa wafanyakazi; wiki mbili baadaye, tarehe 20 Aprili, askari wa jimbo na walinzi wa kampuni waliishambulia kambi ile, na wanawake wawili pamoja na watoto 11 wakafa kwa kukosa hewa ndani ya shimo walimojificha chini ya hema lililokuwa likiungua. Kilichofuata ndicho kinachofaa darasani. Ivy Lee, mtaalamu wa mahusiano na umma, aliajiriwa kulisimamia jina la familia. Wakati huohuo Wakfu, ambao kisheria ulikuwa taasisi ya hisani kwa manufaa ya umma na si mali ya familia, ulimwajiri Mackenzie King, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu wa Kanada, kufanya utafiti juu ya uhusiano wa wafanyakazi na waajiri, huku akimshauri Rockefeller Mdogo kuhusu mgogoro uleule. Tume ya serikali iliyoongozwa na Frank Walsh iliuliza swali ambalo mpaka leo halijapoa: je, fedha za hisani zinalipia elimu, au zinamlipia mwenye hisa mshauri? Wakfu baada ya hapo ulijielekeza zaidi kwenye tiba na afya, uwanja usio na wagomaji.

Uwanja huo ndio ulioufikisha Wakfu kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1936 Wakfu ulianzisha kituo cha utafiti wa homa ya manjano huko Entebbe, Uganda, ambacho sasa ni taasisi ya taifa ya utafiti wa virusi, na watafiti wake ndio waliotambua kirusi cha Zika mwaka 1947 katika msitu wenye jina hilo. Max Theiler, aliyefanya kazi katika maabara za Wakfu mjini New York, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1951 kwa kazi yake iliyozaa chanjo ya homa ya manjano. Mchango huo ni mkubwa na sioni haya kuusema. Wakfu huohuo, pamoja na ule wa Bill na Melinda Gates, ulianzisha AGRA, yaani muungano wa mapinduzi ya kijani Afrika, mwaka 2006, yenye makao makuu Nairobi, na hapo wakulima wadogo na watafiti wamekuwa wakibishana kwa ukali kuhusu mbegu na mbolea za viwandani. Msiyaunganishe haya mawili kwa uzi mmoja wa "mkono wa Rockefeller". Kufikia mwaka 2006 familia haikuwa na usukani wa Wakfu. Swali lenu liwe juu ya bodi ya wakati huo na sera zake.

Siasani, jina lilisaidia na pia lilikwamisha. Nelson Rockefeller, mwana wa Rockefeller Mdogo, alikuwa gavana wa New York kuanzia 1959 hadi 1973, na ndugu yake Winthrop akawa gavana wa Arkansas. Nelson aliutaka urais mara tatu kupitia chama cha Republican, mwaka 1960, 1964 na 1968, na mara zote chama kilimpa mwingine. Aliyefikiri kwamba familia hii huwapanga marais kama vikombe mezani na anieleze hilo. Umakamu wa rais aliupata kwa kuteuliwa na Gerald Ford mwaka 1974, na vikao vya kumthibitisha ni hazina kwa mtafiti, kwa kuwa ilibainika humo kwamba alikuwa amewapa wasaidizi na watumishi wa umma zawadi na mikopo, ikiwemo dola 50,000 kwa Henry Kissinger, aliyekuwa wakati wa vikao hivyo waziri wa mambo ya nje. Ushawishi wa namna hiyo una hundi na tarehe. David, ndugu yake Nelson, hakugombea cheo chochote. Alikuwa mkuu wa benki ya Chase Manhattan, na mwaka 1979 alikuwa miongoni mwa waliomshinikiza Rais Carter ampokee Shah wa Iran, mfalme aliyekuwa amepinduliwa. Hapo andikeni "benki na mkuu wake". Naye Jay, mtoto wa kaka yao mkubwa, alikuwa seneta wa West Virginia kwa chama cha Democratic kuanzia 1985 hadi 2015, jambo linalowasumbua wanaotaka familia iwe na sauti moja.

Kwa kazi ya vitendo, chukueni zoezi hili kwanza: Septemba 2014 mfuko wa ndugu, Rockefeller Brothers Fund, ulitangaza kujiondoa katika uwekezaji wa makaa ya mawe na mafuta. Vichwa vya habari vingi vilisema "akina Rockefeller waacha mafuta". Tafuteni mfuko huo ulianzishwa lini, na nani, ulikuwa na mali kiasi gani, na unatofautianaje na Wakfu wa mwaka 1913 na mifuko ya amana ambayo Rockefeller Mdogo aliwafungulia mkewe na watoto wake mwaka 1934. Ripoti za mwaka za Wakfu zinasomeka mtandaoni. Nyaraka za familia na za taasisi zake ziko katika kituo cha hifadhi huko Sleepy Hollow, New York, na mnapoziomba, andikeni katika daftari lenu ni taasisi gani iliyotoa kila jalada kabla hamjanakili hata mstari mmoja.