Mashine ya kutotolesha mayai nyumbani: ya kujua kabla hujajaza trei

Wadau mnaoanza, swali lenu la kwanza siku zote ni mashine ipi nzuri, ya mayai 56 au 112, ya kichina au ya fundi wa mtaani, na mimi jibu langu ni lilelile kwamba mashine siyo pa kuanzia. Anza na yai. Na ukishaanza, skrini ya mashine iamini nusu, nusu nyingine liangalie yai lenyewe maana ndilo linalosema ukweli.

Yai la kutotolesha lazima liwe na mbegu, yaani tetea awe amepandwa, kwa hiyo yale ya trei dukani ya kuku wa kisasa sahau kabisa, kule bandani mara nyingi hakuna hata jogoo mmoja. Kwa kienyeji jogoo 1 kwa matetea 8 mpaka 10 anatosha, ukiwajaza wengi wanashinda wanapigana tu na kazi haifanyiki. Kama unanunua kwa mtu nenda bandani kwake ukaone majogoo kwa macho yako, usitumiwe picha, halafu muulize yametagwa lini, kwa sababu yai likishapita siku 7 uwezo wake wa kutotoa unashuka kila siku, ya wiki mbili mimi hata bure sichukui. Usiweke kwenye friji, weka sehemu yenye ubaridi na ncha iliyochongoka iangalie chini. Usioshe! Ganda lina utando wa kuzuia bakteria, ukiosha umeuondoa, lile lililopakaa sana kinyesi likaange ule. Yakija kwa bodaboda yapumzishe kwenye trei usiku mzima ndo uingize. Na nyie wa kuku aina ya Kuroiler na Sasso, wale ni chotara, mayai yao yanatotoa vizuri tu ila vifaranga hawawi sawa na wazazi wao, ukimuuzia mtu mwambie.

Haya, joto. Mashine yenye feni inataka nyuzi 37.5 mpaka 37.8, ile ya boksi na balbu isiyo na feni unapandisha mpaka 38.5 hivi ukipimia usawa wa juu wa mayai, maana joto linakaa juu. Sasa hiyo 37.8 ya kwenye skrini nani kakuhakikishia? Nenda duka la dawa nunua kipimajoto cha homa cha kidijitali, halafu tafuta kingine cha kawaida chenye waya, vitumbukize vyote kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu ya kama 37, uone vinapishana kiasi gani. Hicho cha waya ndo unakiweka ndani ya mashine usawa wa mayai, washa ikiwa tupu siku nzima usiku na mchana, ukiona skrini inasema 37.8 na chako kinasoma 38.6 umejiokoa kabla hujapoteza mayai. Hiyo tofauti ndogo hivyo unaweza kuidharau lakini ikikaa siku zote 21 za kutotolesha inatosha kuharibu mzigo wote.

Unyevu ndo panachanganya watu zaidi, na hapa nitakaa kidogo. Vitabu vinasema asilimia 45 mpaka 55 kwa siku 18 za kwanza, halafu 65 mpaka 70 siku 3 za mwisho, sawa, lakini hakuna anayekwambia kwamba kiasi cha maji cha kufikia hapo kinategemea uko wapi. Mtu wa Dar au Tanga hewa yake tayari imejaa unyevu, ikiingia kwenye mashine ikapashwa moto inaweza kukaa kwenye 40 na kitu bila hata tone la maji, akijaza mifereji yote miwili ya maji kama kijitabu cha mashine kinavyosema anazamisha vifaranga ndani ya yai. Mtu wa Njombe kwenye baridi, au Dodoma kiangazi, akiacha kavu inashuka mpaka 20 na vifaranga wanakaukia humohumo. Kwa hiyo usimuulize mwenzako wa mkoa mwingine anaweka maji vikombe vingapi, haikusaidii. Kipima unyevu nacho kinadanganya, kijaribu hivi: chukua kifuniko cha chupa, weka chumvi ya jikoni, idondoshee maji iwe uji mzito, ifungie na kipimo kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa uache usiku kucha, kinatakiwa kisome 75, kikisoma 68 basi ujue siku zote unajumlisha 7.

Njia ya uhakika kuliko zote ni mizani ya jikoni. Mayai yanatakiwa kupungua uzito kwa asilimia 12 mpaka 14 ikifika siku ya 18, kwa hiyo mayai 30 yaliyoingia na kilo 1.5 (bila trei lake) yatoke kwenye 1.3 hivi. Pima kila wiki, hayapungui vya kutosha punguza maji, yanapungua sana ongeza. Umemaliza, wala huhitaji mtaalamu.

Kugeuza, kama mashine inageuza yenyewe hakikisha kweli inageuza, weka alama ya penseli kwenye yai moja uone inahama. Kama ni kwa mkono basi mara 3 au 5 kwa siku, namba witiri ili upande uliolala usiku usiwe uleule kila siku. Kienyeji wana mayai madogo, kwenye zile roli za kichina (mirija inayozunguka kugeuza mayai) yanaserereka na mengine hayageuki, yapange vizuri.

Umeme. Angalia yuniti zako kabla ya kulala, siyo utani, mtu anapoteza mayai 50 kwa sababu ya yuniti. Mashine ndogo inakula wati zisizofika 100, inveta ndogo na betri nzuri vinaibeba usiku. Ukikatika na huna chochote usiifungue fungue, ifunike blanketi, chupa za maji ya moto ziweke pembeni, ila kama mayai yamevuka siku ya 14 acha matundu ya hewa wazi kwa sababu vifaranga wanahitaji hewa na wenyewe wanatoa joto. Masaa machache ya ubaridi mayai yanavumilia kuliko mnavyodhani. Joto kupanda ndo kifo, ikizidi 40 ikakaa hata kwa muda mfupi inaweza kukumaliza.

Siku ya 7 ingia chumba cha giza na tochi ya simu, chukua ile karatasi ngumu ya katikati ya tishu, iweke juu ya tochi, upande butu wa yai ukae juu yake. Lenye uhai unaona doa jeusi na mishipa imetawanyika kama miguu ya buibui, ukitulia unaona doa linacheza. Jeupe tupu halina mbegu. Lenye pete nyekundu ya damu limekufa, litoe kabla halijaoza na kupasukia humo ndani, harufu yake hutaisahau. Ganda la kahawia likikusumbua rudia siku ya 10, usitupe kwa kubahatisha.

Siku ya 18 (siku uliyoingiza unaihesabu sifuri, ukiweka jumamosi jioni unatarajia watoke jumamosi ya tatu baada ya hiyo) unaacha kugeuza, unatoa roli, unatandika kitambaa cha taulo ili wakitoka miguu isiteleze ikapanuka, unapandisha unyevu, unafunga. Hapo ndo wageni mnashindwa kujizuia. Utasikia wanalia ndani ya ganda, kisha kitundu kidogo kinatokea, halafu kimya masaa hata 12 mpaka 24, na wewe mkono unawasha unataka kummenya. Acha. Huyo anavuta kiini tumboni na damu ya mishipa inarudi mwilini, ukimmenya unamkata mishipa anavuja damu mbele yako. Na kila ukifungua unyevu unatoroka, ile ngozi nyeupe ya ndani inakauka inawakaba wale wengine ambao hata hawajatoboa. Waliotoka hawafi njaa, kiini kinawatosha masaa 48 na zaidi, subiri wakauke.

Wakishahamia bruda (sehemu ya joto ya kulelea vifaranga) ni joto la 32 mpaka 35 wiki ya kwanza, unashusha kama nyuzi 3 kila wiki, chanjo ya mdondo siku ya 7, gumboro siku ya 14, ratiba kamili chukua kwa afisa mifugo wa kata yako maana hizo ni habari za siku nyingine.

Muuzaji atakuahidi mashine inatotoa asilimia 98, wewe ukipata vifaranga 70 mpaka 80 kwa kila mayai 100 yenye mbegu umefanya kazi nzuri. Yaliyobaki usiyatupe, toka nje, vaa glavu, yavunje moja moja. Kifaranga kamili amekauka ameganda na ngozi, unyevu ulikuwa mdogo. Amelowa, amevimba na maji yamejaa, ulizidisha. Waliowahi kutoka siku ya 19 au 20 na vitovu havijafunga, joto liko juu. Wametoka siku ya 22, 23 wakiwa wazembe, joto liko chini. Pete nyingi za damu, mayai yalikaa sana kabla ya kuingia au joto liliyumba siku za mwanzo. Mengi meupe, rudi kwa mwenye jogoo mkaongee. Andika kwenye daftari, halafu osha mashine na dawa mpaka ile manyoya laini yote iishe kwenye feni, iache ikauke juani wazi kabisa, ndo uanze kukusanya mayai mengine.