Mkimjengea Mzee Wenu Makumbusho, Msiikate Historia Yake

Tangu tulipoanza kupanga nyaraka za babu yetu, aliyekuwa mwalimu, ndugu na majirani wamekuwa wakiniuliza waanzie wapi nao wakitaka kuhifadhi kumbukumbu za wazee wao. Jibu langu limetokana zaidi na makumbusho niliyoyatembelea nilipokuwa nikisoma Chandigarh, kaskazini mwa India, yaani yale ya Dkt. Diwan Singh Kalepani, yaliyojengwa na familia yake katika kijiji cha Siswan.

Diwan Singh alikuwa Singasinga, daktari na mshairi, ambaye diwani yake Vagde Pani ya mwaka 1938 ni miongoni mwa zilizotangulia kuleta mashairi huru katika Kipunjabi. Mwaka 1927 alihamishiwa visiwa vya Andaman, ambako Waingereza walikuwa wakiwafungia wapigania uhuru katika gereza la Cellular. Wajapani waliviteka visiwa hivyo Machi 1942 wakijitangaza kuwa wakombozi wa Asia, lakini ndio waliomkamata daktari huyu mwaka uliofuata na kumtesa katika gereza lilelile hadi akafariki tarehe 14 Januari 1944. Wiki mbili tu kabla ya kifo chake, tarehe 30 Desemba, Subhas Chandra Bose, aliyekuwa akishirikiana na Wajapani kuung'oa utawala wa Uingereza, alipandisha bendera ya India huru katika mji wa Port Blair, lilipo gereza hilo.

Ingekuwa rahisi kuandika ukutani kwamba mzee alikufa akipigania uhuru, yakaishia hapo. Nawasihi msifanye hivyo kwa mzee wenu. Mgeni asiye wa ukoo wenu anastahili kujua nani alimuua, kwa sababu gani, na nani walikuwa marafiki wa wauaji hao, hata kama jibu linawakera watu wanaoheshimika. Ukiondoa Wajapani katika habari za Diwan Singh, ujasiri wake wenyewe haueleweki.

Kwa hiyo anzeni na maandishi yake, kisha warekodini wanaomkumbuka wangali hai, mkiandika jina la msemaji, tarehe na mahali. Shangazi wawili wakipingana, wekeni maelezo ya wote wawili. Pini na vibanio viondolewe mapema, kwa maana katika barua za babu kutu ilikuwa imekwisha kula pembe za karatasi na kuacha matundu ya rangi ya kahawia. Majina ya waliomo pichani yaandikwe nyuma kwa penseli laini, si kalamu ya wino. Nasi watu wa pwani tusifungie picha ndani ya nailoni, kwani hutoa jasho na picha zikagandana.

Suala la jengo hugombanisha ndugu kuliko yote, nami naona lisubiri. Kabla ya kununua tofali, kubalianeni kwa maandishi nyaraka ni mali ya nani na nani atazitunza, na nakala ya kila karatasi ikae kwa ndugu aliye mji mwingine.