786, 99, 108: Maswali Yenu Kuhusu Namba na Majina ya Mungu

Kuna video inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dodoma. Inadai kwamba 786, ile tunayoiona kwenye malori na juu ya milango ya maduka, si Bismillah bali ni "Hare Krishna", wito wa waumini wa Kihindu. Maswali yamemiminika, mengine ya hasira. Nimechagua haya.

Shikamoo mwalimu. Naendesha Fuso la mizigo, Dodoma–Singida. Nililinunua likiwa na stika ya 786 kwenye kioo cha mbele. Utingo wangu kanionyesha hiyo video. Niibandue? – Dereva, Kizota

Marahaba. Kabla ya kubandua, tupige hesabu wenyewe.

Kila herufi ya Kiarabu, na ziko 28, ina thamani yake, kuanzia alifu ambayo ni 1 hadi ghaini ambayo ni 1000. Ndiyo abjadi. Sasa Bismillahi Rahmani Rahim. "Bismi": be 2, sini 60, mimu 40, jumla 102. "Allah" ni 66. "Ar-Rahman" ni 329. "Ar-Rahim" ni 289. Jumlisha: 786. Hapo ndipo namba ilipotoka.

Video nayo inahesabu hivi: he 5, re 200, ye 10, kisha kafu 20, re 200, shini 300, nuni 50, alifu 1. Jumla 786. Nimeirudia kwa kalamu na sikuona kosa. Wengi wanaishia hapo, wanapigwa na butwaa.

Ila hebu tazama herufi zenyewe. Hayo ni maandishi ya Kiurdu. Mwarabu akiliandika jina hilo kama alivyozoea, anaongeza alifu kwenye "Hare" na ye kwenye "Krishna", na jumla inakuwa 797. Tena Waarabu wa Maghribi, kule Moroko na jirani zake, wana mpangilio wao wa abjadi ambamo sini ni 300 na shini ni 1000. Kwa hesabu yao Bismillah ni 1026 na Hare Krishna ni 1486. Undugu wa namba umeishia hapo.

Na kwa nini jina la Kisanskriti lipimwe kwa herufi za Kiarabu hata hivyo? Wahindi wana hesabu zao za herufi. Mojawapo, maarufu kusini mwa India, inaitwa katapayadi: kila silabi inatoa tarakimu moja kwa konsonanti yake, na zikishikana huhesabiwa ya mwisho, kisha tarakimu zinasomwa kinyumenyume. Kwa utaratibu huo Hare Krishna ni 5128. Mtengeneza video hakutuambia hilo.

Kuhusu stika: desturi ya kuandika 786 imeshika zaidi India na Pakistani, na kutoka huko imetufikia sisi. Wanaoitetea wanasema inalinda jina la Mungu lisiandikwe kwenye karatasi itakayokanyagwa. Nia hiyo naiheshimu. Lakini haina aya wala hadithi. Barua ya Nabii Suleiman kwa malkia wa Sabaa, katika Surat an-Naml aya ya 30, inaanza na Bismillah kwa maneno yake, si kwa tarakimu. Kwa hiyo ukiibandua, hujapoteza kitu. Ukiiacha, hujawa Mhindu. Tamka Bismillah kwa mdomo, na breki uzikague kabla hujafika mteremko wa Saranda.

Nafanya kazi za ndani kwa familia ya Kihindu mjini. Bibi wa nyumba ana tasbihi kama yetu, ila nimehesabu punje 108. Yetu ina 99. Mwanangu anasema zote ukizijumlisha unapata 9, kwa hiyo chanzo ni kimoja. Kweli? – Mama wa Kondoa

Mwanao anajua kujumlisha, mama yangu, hilo tumpe. 9 na 9 ni 18, 1 na 8 ni 9. 1, 0 na 8 ni 9. Mwambie ajaribu 27, 45, 7200, hata mwaka 2025. Namba yoyote inayogawanyika kwa 9 inafanya hivyo. Ni tabia ya namba zenyewe, haina dini.

Chanzo cha kila moja kinajulikana. 99 inatoka kwenye hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Mwenyezi Mungu ana majina 99, mia kasoro moja. Orodha yenyewe, ile mnayoitundika ukutani, imepokewa na Tirmidhi, na wanazuoni wengi wanaona majina hayo yalipangwa na wapokezi, hayakutamkwa na Mtume moja kwa moja. Kisha kuna nyiradi za baada ya sala: Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 33. Hizo ni 99, na dhikri ya kukamilisha mia inafuata.

108 ya Wahindu ina maelezo mengi. Wengine wanasema ni makundi 12 ya nyota mara sayari 9. Wengine wanasema ni vituo 27 vya mwezi mara robo 4. Miungu yao wengi wana orodha za majina 108, lakini hawaishii hapo: kwenye Mahabharata, utenzi wao wa kale, shujaa Bhishma akiwa amelala juu ya mishale anamtajia mfalme Yudhishthira majina 1000 ya mungu Vishnu. Kwa hiyo anayetaka 108 iwe ndugu wa 99 atueleze na hiyo 1000 aiweke wapi.

Siku bibi akiwa na nafasi, mtazame anavyovuta punje. Akifika ile kubwa ya kichwani haivuki. Anaigeuza tasbihi na kurudi alikotoka. Punje hiyo haimo katika zile 108. Na hapa mwanao apate faraja kidogo: wanahistoria wengi wanaona kwamba kifaa chenyewe, uzi wa punje za kuhesabia dua, kilianzia India ndipo kikawafikia Waislamu. Uzi ulisafiri. Hesabu kila watu waliweka yao.

Nimeona picha: 786 ikiandikwa kwa tarakimu za Kihindi na kutazamwa kwenye kioo inakuwa alama ya Om, ile takatifu ya Wahindu. Unasemaje? – Mwanafunzi, UDOM

Nasema waliitazama kwenye kioo, wakaisogeza, wakaunganisha mikia, wakafuta palipozidi. Rudi kwenye masomo, kijana wangu.

Mtabiri mmoja amechukua jina langu na la mama yangu, akapiga hesabu, akasema namba yangu ni sawa na ya mungu wa Kihindu, ndiyo maana biashara haitoki. Anataka laki mbili anisafishe. – Mfanyabiashara, soko la Majengo

Usimpe. Hesabu aliyopiga ni ile ya zamani ya kutafuta nyota: jina lako kwa abjadi, jumlisha la mama, gawanya kwa 12, kinachobaki ndiyo nyota. Wazee wa pwani waliijua tangu zamani. Sehemu ya mungu wa Kihindu ameiongeza mwenyewe, na ni rahisi kuliko unavyodhani. Andika "Dodoma" kwa herufi za Kiarabu: dali 4, wau 6, dali 4, wau 6, mimu 40, alifu 1. Jumla 61. Sasa andika "nia": nuni 50, ye 10, alifu 1. 61 vilevile! Ningekuwa mtabiri ningekuambia uamuzi wa TANU wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa ulikuwa umefichwa ndani ya herufi, kisha nikutajie bei.

Majina ni mengi, namba za kuyabeba ni chache, na anayetafuta anachagua tahajia. Laki mbili nunua vitunguu.

Na ule muujiza wa 19 katika Qurani? Sura 114 ni 19 mara 6, na Bismillah ina herufi 19. – Msomaji, Mpwapwa

Hayo mawili ni kweli. Aliyeyaeneza ni Rashad Khalifa, Mmisri, mtaalamu wa biokemia aliyeishi Marekani. Alitangaza ugunduzi wake mwaka 1974, akiusimamisha juu ya "juu yake wako kumi na tisa" ya Surat al-Muddathir. Lakini hesabu yake ilipogoma, alizikataa aya mbili za mwisho za Surat at-Tawba, akasema si za Qurani. Muislamu anayemfuata kwenye 19 ajue kwamba mlango huo unaishia kwenye kupunguza Qurani. Baadaye alidai utume, na mwaka 1990 aliuawa kwa kuchomwa kisu msikitini kwake Tucson. Kifo hicho hakithibitishi wala hakibatilishi hesabu. Zile aya mbili zinatosha.

Kwa hiyo hakuna uhusiano wowote kati ya Uislamu na Uhindu kwenye mambo haya? Naona unafuta tu. – Ustadhi, Chang'ombe

La, ustadhi, upo, tena mkubwa kuliko wa video.

Mtu wa kumsoma ni Dara Shikoh, mwana wa mfalme Shah Jahan aliyejenga Taj Mahal. Alikaa na masufi, akakaa na wanazuoni wa Kihindu. Mwaka 1655 aliandika kitabu cha kulinganisha istilahi za pande mbili, kinachoitwa Majma-ul-Bahrain. Mwaka 1657 akakamilisha tafsiri ya Upanishadi 50, maandiko matakatifu ya Kihindu, kwa Kiajemi. Aliona kwamba "kitabu kilichohifadhiwa" cha Surat al-Waqia ni Upanishadi. Unaweza kumpinga, na wengi walimpinga. Nduguye Aurangzeb aliamuru auawe mwaka 1659, kwa shutuma za kuritadi ingawa ugomvi wa kiti cha enzi ulikuwa wazi kwa kila mtu. Ila alilinganisha maana kwa maana, kwa miaka, akiwa na wenye vitabu vyao pembeni yake.

Jihadhari lakini na "Allah Upanishad", ambayo video nayo imeitaja kama ushahidi wa kale. Hiyo inahesabiwa kuwa kazi ya zama za mfalme Akbar, karne ya 16, na Wahindu wenyewe, akiwemo mwanamageuzi wa dini yao Dayananda Saraswati, waliikana.

Uhusiano mwingine uko kwenye simu uliyotumia kuniandikia. Tarakimu zenyewe, pamoja na sifuri, zilitoka India. Mwanahisabati wa huko, Brahmagupta, aliandika kanuni za sifuri mwaka 628, enzi za uhai wa Mtume. Karne ya 9 mwanahisabati Muislamu al-Khwarizmi, akiwa Baghdad, aliandika kitabu cha hesabu za Kihindi, na hadi leo Waarabu wanaziita tarakimu za Kihindi. Ukiandika 786 umeshika mkono wa Mhindi tayari, na hakuna fumbo lolote la kufumbua.

Jamaa ananiuzia noti ya elfu kumi kwa elfu hamsini kwa sababu namba yake inaishia na 786. Ni fursa? – Singida

Kwake, ndiyo.